Kikombe Hakina Miguu

Sentensi iliyonikamata ni hii: “Se me cayó el vaso.”

Niliipata kwenye simu usiku mmoja, wiki ya saba ya kujifunza Kihispania. Chini yake programu ilikuwa imeweka tafsiri ya Kiingereza: “I dropped the glass.” Niliangusha glasi. Sawa, hakuna shida. Kisha nikaanza kumtafuta huyo “mimi” aliyeangusha, nikamkosa.

Pa kutafuta nilipajua. Katika Kihispania mtendaji hukaa ndani ya kitenzi, mwishoni. “Hablo” ni nasema, “hablas” ni unasema, “habló” ni alisema. Na “cayó” si mimi. “Cayó” ni yeye, au ni kitu. Kilichoanguka kwenye sentensi hii ni glasi, na glasi ndiyo inayotawala kitenzi: zikianguka mbili inabidi useme “se me cayeron los vasos”, kwa wingi, hata kama wewe uliyezishika ni mmoja. Mimi niko pale katikati tu, kwenye kijineno “me”. Sifanyi kitu. Nimefikiwa na jambo.

Kiingereza cha darasani hakina njia hii. “The glass fell” ipo, lakini hapo mtu ametoka chumbani kabisa. “I dropped the glass” ipo, na hapo mtu ameshtakiwa. Kuna kitu kinachokaribia, pale Mmarekani anaposema gari lake limekufa “on me”, lakini jaribu kusema glasi imeanguka “on me” uone kama watu hawatakutafutia bandeji.

Nikacheka peke yangu kwenye keja, kwa sababu Kiswahili kinayo njia hiyo. Glasi imeniponyoka. Wali umeniungulia. Funguo zimenipotea. Ni kile kile: kitu ndicho kinachotenda, na mimi nimebanwa katikati ya kitenzi, silabi moja tu, “-ni-”. “Se me quemó el arroz”, wali umeniungulia. “Se me perdieron las llaves”, funguo zimenipotea. Wiki saba nimesoma kama mgeni, kumbe hapa nilikuwa nyumbani.

Halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka sentensi nyingine ya aina hiyo, ambayo nimeitumia kwa miaka minne. Nitaifikia.

Kwanza nieleze nilivyofika kwa Kihispania, kwa sababu sikupelekwa na mapenzi ya fasihi. Mimi hula kwa kuandika. Leo naandika maelezo ya bidhaa ambayo sitawahi kuigusa, kesho nanukuu mazungumzo ya watu nisiowajua, saa nzima ya sauti kwa malipo ambayo ukiyagawa kwa muda uliokaa hapo unaweza kulia. Sauti nyingi hutoka Marekani, na mara kwa mara katikati ya mazungumzo mtu anahamia Kihispania kama vile mtu wa hapa anavyohamia Sheng, na mimi naandika “lugha nyingine” kwenye mabano na kuendelea. Anayezijua zote mbili analipwa vizuri kuniliko. Nikapakua programu.

Swali la kwanza lilikuwa: unazungumza lugha gani? Nikashuka na ile orodha hadi chini. Kiswahili hakikuwepo. Nikabonyeza Kiingereza, na kwa kubonyeza hivyo nikawa Mwingereza wa miezi miwili.

Nikafanya makosa yote ya Mwingereza. Nilipotakiwa kusema nina njaa, nilianza na “I am hungry” kichwani, nikatafuta neno la “am”, nikaandika “soy hambre”, yaani mimi ni njaa. Jibu ni “tengo hambre”. Nina njaa. “Tengo sed”, nina kiu. Umri vilevile: “tengo 25 años”, nina miaka 25. “Te quiero” ilinichukua siku mbili kuelewa kwa nini anayependwa anatangulia kitenzi, mimi ambaye tangu nianze kuongea nasema nakupenda, huyo “ku” akiwa ameshaingia kabla ya kupenda kwenyewe. Na ile maarufu, “me gusta el café”, ambayo somo zima hutumika kuwaeleza wanaozungumza Kiingereza kwamba hapa kahawa ndiyo inayotenda na wewe ndiwe unayetendewa. Kahawa inanipendeza. Mama yangu angeielewa kabla maji hayajachemka. Hata hii habari ya “el vaso blanco” na “la mesa blanca”, kivumishi kufuata nomino na kuvaa sare yake, si ajabu kwa mtu aliyelelewa na ngeli. Na meza yenyewe ni ndugu wa “mesa”, ilitufikia kupitia Wareno, pamoja na bendera.

Sisemi haya kukisifu Kiswahili. Nasema mtu anaweza kupita shule yote, hadi chuo, akiwa amezoea kuingia kila chumba kwa mlango wa Kiingereza, hata chumba kilicho karibu na jikoni kwao.

Tukirudi kwa glasi. Nyumbani kwetu, viungani mwa Kitale, sentensi ile haikukubaliwa. Nilikuwa nikisema, “Mama, kikombe kimevunjika,” naye bila kuinua uso kwenye cherehani anajibu, “Kikombe hakina miguu.” Basi. Ilikulazimu urudi mwanzo wa sentensi na uingie mwenyewe: nimekivunja. Baada ya hapo mara nyingi hakukuwa na kiboko wala kelele. Alichokuwa anataka ni sentensi.

Na sheria hiyo haikuwa ya watoto peke yao. Mama hushona sare za shule. Siku akikosea kukata kitambaa cha mtu, hasemi kitambaa kimeharibika. Nimemsikia mara nyingi mlangoni akimwambia mteja, “Nimekuharibia. Nitalipa.” Mwanamke ambaye Kiingereza chake ni cha salamu na bei, lakini ukimsikiliza kwenye mambo ya lawama, anafuata ile sarufi ya “I dropped the glass” kuliko Mwingereza yeyote.

Kuna watu wamelipima jambo hili. Mwaka 2011 Caitlin Fausey na Lera Boroditsky walichapisha utafiti waliofanya na wazungumzaji wa Kiingereza na wa Kihispania. Waliwaonyesha video fupi za watu wakifanya vitu vya kawaida, kama kupasua puto au kuvunja yai, wengine kwa makusudi, wengine kwa bahati mbaya. Kwenye makusudi, pande zote zilieleza sawa: fulani amevunja. Kwenye bahati mbaya, wa Kiingereza waliendelea kumtaja mtu, na wa Kihispania walielekea zaidi kusema kitu kimevunjika. Baadaye walipoulizwa ni nani alihusika, matukio ya makusudi yalikumbukwa sawasawa. Ya bahati mbaya, wa Kiingereza walimkumbuka mhusika vizuri zaidi.

Ukiisoma hiyo haraka unaweza kudhani Kihispania ni lugha ya kuwasahau wakosaji. Mimi nilidhani hivyo karibu wiki nzima, na nikaona Mama ameshinda: taja mtu, usipotaja utamsahau. Lakini Kihispania kina “yo lo rompí”, mimi ndiye niliyekivunja, na watu hulisema kila siku wakihitaji. Tofauti ni kwamba kwa ajali hawaoni haja. Na ukiketi na jambo hilo, si ni haki? Aliyevunja kikombe akikiosha na aliyekirusha ukutani, Kiingereza kinawapa wote wawili “broke the cup”, kisha kinakwenda kutafuta kielezi cha kuwatenganisha. Kihispania kinawatenganisha mlangoni.

Kilichonibadilisha mawazo ni kifo. Kwenye somo moja kulikuwa na “se le murió la madre”. Tafsiri ya Kiingereza ilisema tu mama yake alikufa. Lakini kuna “le” pale, na hakuna aliyemsukuma mtu huyo amuue mama yake. “Le” inafanya nini hapo?

Sisi tunajua inafanya nini. Amefiwa na mama. Kufa, kufia, kufiwa: kitenzi cha marehemu kimenyooshwa mpaka kikamfikia aliyebaki. Baba yangu aliaga dunia nikiwa kidato cha pili, na nilipolazimika kulieleza hilo kwa Kiingereza shuleni, “my father died”, ilikuwa habari yake yeye, mimi nilikuwa mleta taarifa. Nilipoisema kwa Kiswahili, nimefiwa, nilikuwa ndani ya kitenzi. Hakuna anayemsikia mtu akisema nimefiwa akadhani anakwepa kitu. Anasema jambo limepita na kumkuta.

Kwa hivyo hicho kijineno hakikutengenezwa kwa ajili ya kujificha. Ni mahali pa mtu ambaye hakutenda, lakini pia si mtazamaji.

Kabla sijaondoka chuo tulisomeshwa insha ya Bernard Williams, mwanafalsafa Mwingereza, ya mwaka 1976, kuhusu bahati na maadili. Ndani yake kuna dereva wa lori ambaye, bila kosa lolote, anamgonga mtoto. Williams anasema dereva huyo atajisikia tofauti na mtu mwingine yeyote aliyekuwepo, hata abiria aliyekaa kando yake. Watu watamwambia si kosa lako, na watakuwa wamesema kweli, na ni vizuri waseme. Lakini akikubali haraka mno, akajiona kama mmoja wa waliokuwa wakitazama, tutamshuku. Tutajiuliza ni mtu wa namna gani. Williams aliliita jambo hilo majuto ya mtendaji, kitu kilicho kando ya hatia na kando ya huruma ya kawaida.

Wakati ule nilijibu swali la mtihani kuhusu dereva huyo nikapata alama za kutosha na sikuelewa chochote. Sasa nadhani ninaelewa, kwa sababu nimeona anakaa wapi kwenye sentensi. “Se me atravesó un niño.” Mtoto alinikatia njia. Mtoto ndiye aliyetenda, na bado “me” haiondoki. Dereva hajasema nimeua. Hajasema pia kwamba kuna mtoto amekufa barabarani.

Linganisha na Kiswahili cha taarifa rasmi, kile tunachokisikia kwenye habari za saa moja. Fedha zilipotea. Faili haionekani. Makosa yalitendeka. Watu wengi hulaumu kauli yenyewe, ati Kiswahili kinatusaidia kuficha wezi. Mimi siilaumu kauli. Sikiliza kinachokosekana: hakuna “-ni-”. Sijawahi kumsikia mkubwa yeyote akisema fedha zilinipotea nikiwa ofisini. Akisema hivyo hajakiri wizi, lakini amesimama hapo karibu na shimo na tunaweza kumuuliza swali la pili. “Se perdió el dinero” na “se me perdió el dinero” zimepishana kwa silabi moja, na hiyo silabi ndiyo mtu.

Nikaandika hayo yote kwenye daftari nikajiona nimemaliza. Nilikuwa hata na kichwa cha insha. Kilichobaki ni mimi mwenyewe.

Mwaka wa pili wa chuo, muhula wa pili, Mama aliuza mtamba akanitumia shilingi 38,000 za karo kwa M-Pesa. Zilifika Jumatatu asubuhi. Mwisho wa kulipa ulikuwa wiki mbili mbele, na mimi nilikuwa na deni la kodi, na kulikuwa na jamaa wa chumba cha pili ambaye wikendi iliyopita alikuwa ameshinda pesa za mpira. Sitaki kuipamba hadithi hii, kila mtu wa rika langu anaijua au ana ndugu anayeijua. Nilianza na 2,000. Usiku wa kwanza zikawa 9,000, nikalipa sehemu ya kodi na kununua nyama. Siku tisa baadaye zilibaki 640.

Nilimpigia Mama. Nilisema: “Mama, zile pesa zimenipotea.”

Yeye, mwenye kikombe kisicho na miguu, safari hii hakusema kitu. Alinyamaza, kisha akauliza kama nimeumia. Nikaelewa anachofikiria. Nairobi watu huporwa. Sikumwambia nimeporwa. Sikumwambia sikuporwa. Nilisema sijaumia, ambayo ilikuwa kweli, na yeye akamshukuru Mungu, na hapo sentensi ikaota mizizi.

Muhula huo sikuufanya. Uliofuata pia hapakuwa na pesa. Baadaye watu waliponiuliza nilikuwa na jibu, karo ilinishinda, na ukilitazama vizuri hilo nalo lina umbo lile lile: karo imetenda, mimi nimetendewa. Miaka minne nimeishi kwenye hiyo “-ni-” kama mpangaji asiyelipa.

Sasa, nina rafiki wa mtandaoni, mwanamke wa Puebla, Mexico. Anataka Kiingereza, mimi nataka Kihispania, basi Jumamosi tunaongea nusu saa kwa kila lugha. Ni mvumilivu sana na hacheki ninapokosea, isipokuwa siku ile niliposema nimeoa nikitaka kusema nimechoka. “Casado” na “cansado”, nani aliyeweka maneno hayo karibu hivyo? Siku moja akaniuliza kwa nini sikumaliza chuo. Nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kutumia ile kauli mpya. Nikaipanga taratibu: “Se me perdió el dinero de la universidad.”

“Ay, pole,” akasema, kwa Kihispania chake. “Wapi?”

Sijui kwa nini niliendelea. Labda kwa sababu ilikuwa mazoezi tu, na kwenye mazoezi mtu hujaribu kuongeza urefu wa sentensi. Pia yeye hamjui Mama. Nikaongeza neno moja, “apostando”, nikibeti.

Akasita. Akasema hapana, haishikani. Hakuwa ananihukumu, alikuwa ananisahihisha, kwa sauti ile ile anayotumia nikikosea “por” na “para”. “Se me perdió” ni ya funguo, akasema, ni ya karatasi iliyotoka mfukoni bila wewe kujua. “Apostando” inamtaka mtu anayebeti, na kwenye sentensi yako anayebeti ni pesa. Pesa hazibeti. Kisha akauliza ili anisaidie kuchagua:

“¿Se te perdió o lo perdiste?”

Zilikupotea, au ulizipoteza?

Akaniandikia sentensi sahihi kwenye ujumbe, “Perdí el dinero apostando”, tukaendelea na mambo mengine. Nusu saa ya Kiingereza ilipofika nilikuwa sisikii anachosema.

Nimejaribu Kiswahili kwa njia hiyo hiyo, kuona kama nacho kingenizuia. Pesa zimenipotea nikibeti. Inapita. Hakuna mwalimu angeweka mstari mwekundu hapo. Kwa hiyo siwezi kusema lugha yangu ilinifichua, ilinikaribisha chai. Ilibidi nikutane na lugha ambayo siijui vizuri, isiyonipa nafasi ya kuteleza, ndipo nione nilichokuwa nikifanya. Mtu anayeijua lugha vizuri anajua pia pa kujificha ndani yake, na mimi kuandika ndiyo kazi yangu.

Lakini sitaki kulimaliza suala haraka hivyo, kwa sababu najua wengine wataniambia, na wamekwisha kuniambia, usijilaumu bana, mchezo wenyewe umetengenezwa ushindwe. Ni kweli. Kampuni inayokuruhusu kuweka shilingi 50 kitandani saa nane usiku haikai hapo kwa bahati mbaya, na hesabu zake zimepigwa kabla hujaamka. Kijana asiye na kitu, simu mkononi, ujumbe wa ofa kila baada ya dakika chache: huyo anatenda au anatendewa? Kufika siku ya saba sikuwa nachagua chochote. Nilikuwa nakwenda chooni na simu. Kihispania kina msemo wa hali hiyo, na umejengwa kwa kauli ile ile: “se me fue la mano”, mkono ulinitoka, ulikwenda wenyewe, husemwa mtu anapozidisha chumvi au kupita kiasi. Siku ya saba mkono ulikuwa umekwenda. Naapa.

Aristotle analo jibu kwa mtu kama mimi, na si la kupendeza. Anazungumzia mlevi anayekosa akiwa hajui anachofanya, na anataja kwamba watunga sheria walimwongezea adhabu maradufu badala ya kumpunguzia, kwa sababu kutojua kwake kulitoka kwake mwenyewe: alikuwa na uwezo wa kutolewa. Maradufu naona ni ukali. Ila hoja yenyewe inanirudisha kwenye Jumatatu ile. Siku ya saba sikuwa mimi, haya. Siku ya kwanza nilikuwa mimi kabisa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nilikuwa nimeshiba, nilihesabu kwamba 38,000 nikitoa 2,000 hakuna atakayeona, nikabonyeza. Hapo hakuna mkono uliokwenda wenyewe.

Hiyo ndiyo sababu sitaki pia kukubaliana na Mama moja kwa moja. “I” ya Kiingereza nayo inaweza kudanganya. Nimewasikia jamaa wakisema kwa huzuni tamu, niliharibu maisha yangu, mimi ndiye niliyeharibu kila kitu, na ndani yake kuna majivuno fulani, kwamba hata maafa yao ni kazi ya mikono yao wenyewe, kwamba wasingeyataka yasingetokea. Nikisema nilipoteza pesa zote mimi mwenyewe, siku zote tisa, kwa akili timamu, nitakuwa nimejitia ushujaa wa uovu ambao sikuwa nao. Baadhi ya zile siku zilinikuta. Nyingine nilizitenda. Kazi ni kuzipanga siku hizo, kila moja na kitenzi chake, na hiyo kazi haifanywi na sarufi, ingawa bila yule mwanamke wa Puebla nisingejua ipo. Nadhani pia haifai kufanywa na aliyekosa akiwa peke yake, maana akiwa peke yake kila siku itaangukia upande wa “-ni-”.

Jumapili jioni nilimpigia Mama. Alikuwa ametoka kanisani na mgeni alikuwa ameshaenda. Tuliongea habari za mahindi kwanza. Kisha nikasema:

“Mama, zile pesa za karo, za ule mwaka. Hazikunipotea. Nilizibeti.”

“Ulizifanya nini?”

“Nilicheza kamari nazo. Kwa simu.”

Kimya. Nilikuwa nimejiandaa kwa kikombe na miguu yake, na nilikuwa na maelezo yangu tayari, siku ya kwanza ni hivi, siku ya saba ni vile, hata yule dereva wa lori nilikuwa nimemweka karibu.

“Zote?” akauliza.

“Zote, Mama. Nilikula nyama kidogo, na kodi. Zingine zote.”

Nilimsikia akivuta kiti.

“Yule mtamba alikuwa na mimba,” akasema. “Sikukwambia, nikaona utakataa nisimuuze.”

Maelezo yangu yote yalikwisha hapo. Nilisema nisamehe, na sikujua nimuombe msamaha wa kipi. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia sijala.

“Kula kwanza, baba. Tutaongea.”

Akakata simu. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Tumeongea mara mbili tangu hapo, habari za mahindi na za sare za muhula mpya, na mara zote mbili ni yeye aliyepiga.